Kushtuka si kupenda: barua ya wazi kwa wenye mitandao ya kijamii na wanaowasimamia

Kwenu wakuu wa kampuni za mitandao ya kijamii, na kwenu mliokabidhiwa mamlaka ya kusimamia mawasiliano,

Kwa miaka 11 kazi yangu ilikuwa kukata picha. Nilikaa katika chumba cha uhariri cha kituo cha televisheni, nikipokea picha ghafi kutoka kwa wapigapicha wetu na kutoka mashirika ya habari ya mbali, na kabla mtazamaji hajaona chochote mimi nilikuwa nimekwisha kuona vyote. Ajali, milipuko, mafuriko, miili iliyolazwa sakafuni na kufunikwa mashuka mafupi yasiyofika miguuni. Mimi na mhariri wa zamu tuliamua sekunde zipi ziende majumbani kwa watu na zipi zibaki nasi. Zilizobaki nasi ni nyingi, na hadi leo ninazo kichwani.

Nawaandikia kwa sababu ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 13. Miezi michache iliyopita alikuwa kitandani akitazama video za mafunzo ya kuchora. Baada ya video ya penseli, kabla ya ile ya rangi, ikaingia video ya mtu akipigwa hadi kufa. Haikuwa na onyo. Haikungoja abofye. Ilianza yenyewe, na spika alikuwa amezivaa masikioni. Aliniambia baadaye, "Mjomba, sikuelewa ninachokiona mpaka kilipokwisha." Hakuifunga. Aliganda, kidole kikiwa juu ya kioo. Kesho yake simu ikamletea nyingine ya namna hiyo, keshokutwa tatu. Akaanza kulala taa ikiwaka, na daftari lake la kuchorea likakaa wiki nyingi bila kufunguliwa.

Dada yangu, kwa uchungu wa mama, alimuuliza: "Mbona hukuitoa?" Mtoto hakuwa na jibu, akalia. Mimi ninalo jibu, na kila ninapolitafakari naona halimhusu yeye. Linawahusu ninyi.

Najua mtakachosema kwanza, kwa kuwa nimekisikia mara nyingi: televisheni nayo imeonyesha maiti miaka yote. Ni kweli. Vita vya Vietnam viliingia sebuleni kwa watu kupitia televisheni. Tarehe 11 Septemba 2001 dunia ilishinda ikitazama majengo ya New York yakiporomoka, tena na tena. Siji kwenu kuitetea televisheni kana kwamba mikono yake ni safi. Nasema tu kwamba picha ileile, ikipitia njia mbili, humfikia mtu ikiwa vitu viwili tofauti.

Nianze na jambo ambalo watu wa nje ya kazi yetu hawalifahamu. Kabla ya damu, tulichokiondoa kwanza kilikuwa sauti. Aliyenifundisha kazi aliniambia nishushe sauti kabla sijagusa picha, kwa sababu jicho hufumbwa lakini sikio halina kope. Kilio cha mtu anayekufa hukaa ndani ya msikilizaji muda mrefu kuliko sura ya jeraha. Hilo nimelithibitisha mwenyewe, kwani picha nyingi zimenififia lakini sauti hazijafifia. Baada ya sauti tulisimamisha picha nusu sekunde kabla ya pigo. Tulichukua picha ya mbali, ya karibu tukaiacha. Tulizitia sura ukungu. Kisha mtangazaji alipewa sentensi moja ya kusoma, kwamba picha zinazofuata zinaweza kuumiza. Kuisoma kulichukua sekunde 5 au 6, na sote tulijua kazi yake: mama apate nafasi ya kumwambia mtoto akamletee maji. Tulikuwa pia na mwiko mmoja ambao sikuwahi kuona ukivunjwa katika chumba kile. Marehemu hakutajwa jina wala kuonyeshwa sura mpaka ndugu zake wawe wameambiwa.

Katika simu hayo yote yamefutwa kwa mkupuo mmoja. Nimewahi kuketi na mtu aliyejua kifo cha kaka yake kwa klipu iliyopita mbele yake, katikati ya vichekesho. Alimtambua kwa shati.

Tukio la kulinganishia njia hizi mbili lipo, na nyote mnalijua. Asubuhi ya tarehe 26 Agosti 2015, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mwandishi wa habari na mpigapicha wake waliuawa kwa risasi wakiwa hewani mubashara. Watazamaji wa kituo chao waliona kamera ikianguka, wakasikia milio na mayowe, na punde wakarudishwa studio kwa mtangazaji aliyekuwa amepigwa na butwaa. Lilikuwa jambo la kutisha mno. Lakini lilidumu sekunde chache na likakatwa na mkono wa binadamu. Saa chache baadaye muuaji alipakia video yake mwenyewe Twitter na Facebook, aliyoipiga akiwa ameshika bunduki kwa mkono mwingine. Wakati huo video zilikuwa zimewekwa zijicheze zenyewe. Watu waliokuwa wakipitisha kidole juu ya picha za harusi na mechi wakajikuta wanatazama mauaji kwa jicho la muuaji. Mamia ya maili kutoka pale, mtu aliyekuwa kwenye basi au kwenye foleni aliwekwa mahali aliposimama muuaji bila kuulizwa. Baba wa mwandishi yule amehangaika miaka na miaka klipu hizo ziondolewe. Mwaka 2020 alipeleka malalamiko dhidi ya Google kwa tume ya serikali ya Marekani inayolinda watumiaji, na mwaka 2021 akapeleka mengine dhidi ya Facebook. Mzazi amegeuzwa mlinzi wa zamu ya usiku juu ya kifo cha mwanawe.

Mtu ataniambia: televisheni nayo imewahi kurusha kifo mubashara. Naam. Tarehe 30 Aprili 1998 huko Los Angeles, vituo kadhaa vilikuwa hewani mubashara kutoka barabara kuu ambako mwanamume mmoja alijiua mbele ya kamera za helikopta, na baadhi ya vituo vilikuwa vimekatiza vipindi vya watoto ili kuonyesha tukio hilo. Ilikuwa aibu kubwa kwa kazi yetu. Sisi wa vyumba vya uhariri tumekuwa tukifundishana kwa kosa lile, na ndiyo sababu mojawapo baadhi ya matangazo ya mubashara huchelewa sekunde kadhaa kabla ya kufika kwa mtazamaji, ili mtu aliyeshika kitufe apate muda wa kukata. Tena, wazazi wenye hasira siku ile walijua wapigie simu nani. Kituo kilikuwa na anwani, na mhariri mkuu alikuwa na jina. Baada ya video ile kumfikia mpwa wangu nilibofya sehemu ya kuripoti. Jibu lilikuja siku ya tatu, halikusainiwa na yeyote, likisema kwamba maudhui hayajakiuka miongozo. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta alama ya mtu ndani yake.

Hapo ndipo nafika kwenye kiini cha barua hii. Televisheni haimjui mtazamaji. Inarusha picha moja kwa wote, na ukishtuka nayo haipati habari. Taarifa ya habari ikiisha, imeisha. Kesho mtangazaji haji na maiti zaidi kwa sababu jana ulibaki umekodoa macho. Mtandao wenu unajua kwamba umekodoa. Tangu YouTube ilipobadilisha mfumo wake wa mapendekezo mwaka 2012 ili uthamini muda ambao mtu ametumia kutazama kuliko idadi ya mibofyo, biashara nzima imejengwa juu ya kipimo hicho, na wenzao wamekwenda mbali zaidi. Kila sekunde ambayo kidole kimetulia juu ya kioo ni kura. Sasa fikirini mwili wa binadamu unafanya nini unapokutana na kitu cha kutisha. Unaganda. Mnyama akisikia kishindo porini hufanya vivyo hivyo, husimama tuli kabla ya kukimbia, macho yamekaza. Ule mgando wa mpwa wangu, ambao ulikuwa hofu tupu, mtambo wenu uliuandika kuwa hamu. Mtoto alikuwa akipiga kelele kwa lugha pekee ambayo mwili wake ulikuwa nayo wakati ule, na mkampelekea tatu zaidi.

Haya hayakuanzia kwa mpwa wangu. Mwezi Septemba 2022 mpelelezi wa vifo jijini London, Andrew Walker, alihitimisha kwamba maudhui ya mtandaoni yalichangia, kwa kiwango kisicho kidogo, kifo cha msichana wa miaka 14 aliyefariki mwaka 2017. Uchunguzi ulisikia kwamba katika miezi 6 ya mwisho ya maisha yake, kati ya machapisho 16,300 aliyohifadhi, kupenda au kusambaza katika Instagram, 2,100 yalihusu sonona, kujidhuru au kujiua. Mengine hakuyatafuta, yaliletwa kwake. Hakuna kituo cha televisheni duniani, hata kile kilichooza kabisa, ambacho kingeweza kumwandalia mtoto mmoja ratiba ya namna ile, yeye peke yake, bila mzazi wake kujua kwamba ipo.

Maana upo pia upweke. Televisheni iko sebuleni, mita 2 au 3 kutoka usoni, na mara nyingi kuna mwingine chumbani. Picha mbaya ikipita, mtu anaguna. Mwingine anasema "Mungu wangu." Mwingine anabadilisha kituo. Mtoto anaangalia sura ya mtu mzima na kujua kutoka pale kwamba hili ni baya, na kwamba wakubwa wameliona. Simu iko kiganjani, imesogezwa usoni, gizani, sauti ikiingia moja kwa moja masikioni, na anayeguna pembeni ni safu ya maoni ya wageni, wengine wakicheka. Mpwa wangu aliyasoma yale maoni. Alitaka kujua kama watu wengine nao wameumia. Aliniambia kwamba yale maoni yalimtisha kuliko video.

Na nakala. Tarehe 15 Machi 2019, huko Christchurch nchini Nyuzilandi, mtu mwenye chuki aliwaua Waislamu 51 misikitini, akirusha sehemu ya mauaji hayo mubashara Facebook kwa dakika 17. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba watu wasiofika 200 ndio waliotazama yakiwa mubashara, na kwamba mtumiaji wa kwanza aliripoti dakika 12 baada ya matangazo kumalizika. Katika saa 24 zilizofuata iliondoa nakala milioni 1.5, ambapo zaidi ya milioni 1.2 zilizuiwa wakati zinapakiwa. Hiyo maana yake ni kwamba nakala zinazokaribia 300,000 zilipita mlangoni kwanza. Wahariri wa televisheni wangeweza kukosea mara moja, kwenye taarifa moja, usiku mmoja. Hapa watu walikuwa wakikata na kubandika, wakibadilisha rangi na ukubwa wa picha ili mashine isiitambue, usiku kucha. Marudio yenyewe ni madhara. Baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013, watafiti wa Marekani walikuta kwamba watu waliotazama au kusoma habari za tukio hilo kwa saa 6 au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata walikuwa na dalili kali zaidi za mfadhaiko kuliko waliokuwapo kwenye tukio. Televisheni ilikuwa na sehemu yake katika saa hizo 6, sikatai. Lakini televisheni huzimwa na mtu akaenda kulala. Simu ndiyo saa ya kumwamsha.

Nisikilizwe vizuri katika jambo hili linalofuata, kwa sababu naogopa barua hii isomwe kama ombi la kufagia kila kitu. Zipo picha mbaya ambazo dunia inazihitaji. Mwezi Mei 2020 msichana wa miaka 17 alishika simu yake kule Minneapolis akarekodi polisi akimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti. Bila video ile, taarifa ya kwanza ya polisi, iliyozungumzia tatizo la kiafya, huenda ingebaki kuwa ndiyo habari yenyewe. Mwezi Agosti 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata kamanda mmoja wa Libya, na video zilizowekwa kwenye mitandao ya kijamii zilikuwa sehemu kubwa ya ushahidi. Mwaka huohuo mashine za YouTube zilifuta video nyingi za vita vya Syria ambazo watu walikuwa wamehatarisha maisha yao kuzipiga. Mlipotaka kusafisha kwa haraka mliharibu ushahidi wa wafu. Ninachoomba ni kile tulichokifanya katika chumba chetu: picha ihifadhiwe, anayeihitaji aipate akijua anakwenda kuona nini, na asiyeihitaji isimrukie.

Nina uchungu pia kwa ajili ya wale mliowaweka mahali nilipokuwa mimi. Wakaguzi wa maudhui wanaona kwa zamu moja kuliko nilichoona kwa mwezi, na wengi hawana mhariri wa zamu wa kukaa naye baadaye wakinyamaza pamoja. Mwaka 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi ya wakaguzi wa Marekani walioumia akili kwa kazi hiyo. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani, toleo la mwaka 2013, unakubali kwamba mtu anaweza kupata ugonjwa wa kiwewe kwa kutazama picha kupitia vyombo vya elektroniki ikiwa ni sehemu ya kazi yake. Asiyelipwa kutazama hahesabiwi kwa njia hiyo. Mpwa wangu hayumo katika mstari ule, lakini anaamka usiku kama waliomo.

Sasa niseme ninachotaka, moja kwa moja. Enyi wenye mitandao: zimeni kabisa kujicheza kwa video kwa watoto, na kwa watu wazima iwe imezimwa hadi mtu mwenyewe aiwashe. Video ambayo mashine yenu imeitilia shaka ianze bila sauti na ikiwa imefunikwa. Mnao ukungu huo tayari, mnautumia mnapotaka. Acheni kuhesabu mgando. Video ikiripotiwa au kufungwa kwa ghafla, au ikiwa na dalili za ukatili, muda uliotumika juu yake usiingie hata kidogo katika kuchagua kinachofuata. Matangazo ya mubashara ya mtu asiyejulikana yacheleweshwe kama yanavyocheleweshwa ya kituo chenye leseni. Na mzazi anayeripoti ajibiwe na mtu mwenye jina.

Nanyi wasimamizi, mliotupiga faini sisi kwa neno moja la matusi lililoponyoka hewani kabla ya saa za watu wazima, mbona hapa mmenyamaza muda mrefu hivi? Uingereza televisheni ina mpaka wake wa saa za watu wazima, saa 3 usiku, na kila mzazi anaujua. Nchi hiyohiyo imepitisha sheria ya usalama mtandaoni mwaka 2023, na wajibu wa kuwalinda watoto umeanza kutekelezwa Julai 2025. Umoja wa Ulaya unazilazimisha kampuni kubwa kumpa mtumiaji namna ya kupata mapendekezo yasiyotokana na kumchunguza tabia. Kwa hiyo inawezekana. Msikubali kuambiwa kwamba mtambo ni mgumu kuelezeka. Mimi nilitakiwa kueleza kwa maandishi kila sekunde niliyoiacha ipite, na nilieleza. Waiteni waeleze kwa nini sekunde zilizomfikia mtoto wa kuchora zilimfikia, na kwa nini zilifuatwa na nyingine tatu.

Nina ombi moja zaidi kwa kila mkuu atakayeisoma barua hii. Chukua simu mpya. Fungua akaunti, andika kwamba una miaka 13. Tazama video za kuchora kwa dakika 20. Ikitokea moja ya kutisha, usipende, usitoe maoni, usisambaze. Tulia tu, kidole juu ya kioo, kama mtu aliyeganda. Kisha endelea kupitisha kidole kwa saa moja, peke yako, taa imezimwa, spika masikioni. Andika orodha ya ulicholetewa, uiweke hadharani chini ya jina lako.

Nami nikiitwa nitakuja. Sehemu za kukata nazijua.

Aliyekuwa mhariri wa picha,
mjomba wa binti anayechora